Hodi kwenye Friji

Haya yalimpata rafiki yangu Makokha. Nusu alinisimulia Abdunoor, fundi wake wa Wandegeya, Kampala, nusu Moreen, mke wa Makokha, kabla mama huyo hajaacha kabisa kuongea.

Makokha, mtu wa Bungoma, Kenya, alikuwa na Pajero kuukuu aliyotaka kupelekea maziwa na soda baridi huko ambako barabara ni matope. Nyuma alipigilia droo za mbao zilizong'olewa kwenye vitanda vya hosteli, na juu yake akaweka friji ya mtumba, ndogo, isiyotosha hata mbuzi. Abdunoor alikuwa akiikaza waliposikia kitu kikikwaruza ndani, taratibu, kama kucha kwenye bati. Abdunoor akarudi nyuma.

Makokha hakuacha kamwe kuwadhihaki watu wa Kampala kwa kuchanganya l na r. Akagonga kifuniko kwa mzaha.

"Hodi!"

"Kalibu," ikajibu sauti.

"Ka-ri-bu, Abdunoor! Sema ri! Mtafundishwa lini?"

Akageuka akicheka. Abdunoor alikuwa amesimama, mdomo umejaa skrubu.

Wakafungua friji. Ilikuwa tupu, na baridi kali, ingawa haijaunganishwa na betri. Makokha akamwita Abdunoor mwoga, akaondoka na gari, friji ikiwa nyuma.

Asubuhi yake Moreen alilikuta gari uani kwao Naguru, limefungwa kwa ndani, ufunguo uko mahali pake, dereva hayumo. Akagonga kioo cha nyuma, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao.

"Hodi? Baba Nangila?"

Ndani ya friji kitu kikakwaruza.

"Karibu," ikajibu sauti, na r yake ilikuwa safi kabisa, ya Bungoma.