Mwanamke wa Dirishani

"Wameahirisha tena."

Mapazia alisoma ujumbe huo, akaurudia, kisha akaiweka simu kifudifudi kitandani. Siku hiyo alikuwa ameomba ruhusa ya kutoka kazini mapema. Alikuwa amefagia chumba, amepangusa televisheni, ameweka betri mpya kwenye rimoti ya kuchezea gemu. Hata nywele alikuwa amezisuka, ingawa huko alikokuwa anakwenda hakuna ambaye angeziona.

Shangazi yake, aliyemlea tangu mdogo, akachungulia mlangoni na vikombe viwili vya chai.

"Mgeni wetu amefika?"

"Hajafika, shangazi. Wanasema gemu bado wanaitengeneza."

"Huyu mgeni ana maringo. Kila siku yuko njiani."

Mapazia akacheka kidogo, na hicho ndicho alichokitaka shangazi. Mama yule hakujua gemu ni kitu gani hasa. Alijua tu kwamba kila ilipoahirishwa, binti yake alilala na njaa. Kwa hiyo akaketi kando yake, wakanywa chai mbele ya televisheni iliyozimwa.

Jina la Mapazia alipewa na mchumba wake, kwa sababu alikuwa mshonaji katika duka la mapazia. Naye alimwita mchumba wake Lifti, maana hiyo ndiyo kazi yake, kufunga lifti na kuzitengeneza. Walipendana kwenye kochi la shangazi, wakicheza gemu za zamani na kulaumiana nani amemwacha mwenzake auawe na majitu. Kisha Lifti akapata mkataba katika mji wa mbali, kwenye jengo refu ambamo watu walikuwa bado wanapanda kwa ngazi. Mashine ya gemu akamwachia Mapazia. Alisema haina faida kwake bila kochi, na kochi halikuingia kwenye begi.

Ndipo wakasikia habari za hiyo gemu mpya. Ilikuwa dunia nzima ndani ya kioo. Watu waliingia humo kila mmoja akiwa kwake, wakatembea pamoja, wakapigana vita, wakajenga. Wao wawili walikubaliana kuwa na nyumba kando ya mto, wakutane humo kila jioni kazi zikiisha. Shida ilikuwa moja. Wenye kompyuta walikwishafunguliwa, lakini wenye mashine za kwenye televisheni, kama Mapazia, waliambiwa wasubiri. Lifti akatangulia kwa kompyuta yake, akasema anakwenda kumshikia nafasi.

Mapazia akasubiri. Kampuni ya gemu ikasema itawafungulia baada ya mvua, mvua zikaisha. Ikasema baridi ikipungua, watu wakaanza kulalamikia joto. Na kila alipomuuliza Lifti mkataba unaisha lini ili arudi, alijibu kwa sauti ya upole, "Ngoja gemu itoke kwanza. Tutaongea vizuri tukiwa nyumbani kwetu humo." Mapazia aliyaona hayo kuwa mapenzi.

Kesho yake dukani, wakati wa chakula cha mchana, alifungua ukurasa wa wachezaji aone kama wenzake nao wana huzuni. Akakuta picha. Mtu mmoja alikuwa amepiga picha nyumba nzuri za kando ya mto, na mbele ya mojawapo alisimama Lifti. Alimtambua kwa kofia ya manjano, ile ile aliyoivaa kazini. Nyuma yake, dirishani, alisimama mwanamke mwenye gauni la kijani. Chini ya picha mtu alikuwa ameandika: "Jirani yetu na mkewe. Hawa hawaachani."

Mapazia alipiga simu. Haikupatikana, maana Lifti alikuwa ndani ya shimo la lifti, na humo simu hufa. Lakini mtu aliyeumia haulizi mambo ya mtandao. Akaandika: "Nimeiona nyumba yetu. Na mwenye nyumba nimemwona. Hongereni."

Alasiri ile alishona pindo la pazia juu chini. Bosi wake aliliona. Alilichukua taratibu akaanza kulifumua mwenyewe, akamwambia aende nyumbani akapumzike.

Simu ya Lifti ilipoanza kuita, Mapazia hakuipokea. Ikaita akiwa njiani, ikaita akiwa anavua viatu. Alishusha boksi la mashine kutoka juu ya kabati, akaanza kukunja nyaya. Kesho angeipeleka kwa mama yake Lifti, aiache mlangoni.

Alimweleza shangazi kwa kifupi juu ya picha na mwanamke wa dirishani. Shangazi akaleta gazeti la kufungia rimoti, akashika boksi lisiteleze. Walipomaliza ndipo akasema, "Nionyeshe huyo mwanamke."

"Wa nini, shangazi?"

"Nimefunga boksi kwa ajili yake. Walau nimjue."

Mapazia akamfungulia picha. Zilikuwa nyingi, za siku tofauti, maana wachezaji wale walipenda kupiga picha mto wao. Shangazi akavaa miwani, akazipitisha kwa kidole, moja baada ya nyingine, bila haraka.

"Mwanangu, huyu dada ana nini?"

"Ana mume wangu."

"Sina maana hiyo. Tazama. Hapa kuna jua, amesimama dirishani. Hapa kuna mvua, dirishani. Hapa watu wanacheza ngoma uani, mchumba wako yuko nao, yeye yuko vile vile. Mkono ule ule juu ya kizingiti. Hajageuza shingo hata mara moja. Mwanamke gani aliyepata bwana akakaa hivi?"

Mapazia akamnyang'anya simu kwa adabu, akatazama mwenyewe. Ilikuwa kweli. Na hapo simu ikaita mkononi mwake. Shangazi akakusanya vikombe, akatoka, akarudisha mlango.

"Ni nani?" Mapazia aliuliza, bila salamu.

"Ni wewe," Lifti akajibu. Alikuwa anahema kama aliyekimbia.

"Usinichezee."

"Nyumba za mtoni hawapewi watu walio peke yao. Lazima wawe wawili, na wote wawili waonekane kila siku. Mmoja asipoonekana, wanaichukua, wanawapa wengine. Nikanunua laptopu kuukuu ya fundi mwenzangu, nikakutengenezea wewe. Nilikosa gauni linalofanana na lako, nikachukua hilo la kijani. Kila jioni nikitoka kazini nawasha zote mbili, nakusimamisha dirishani, nyumba isiende."

Mapazia akakaa kitandani. Hasira ilikuwa imemtoka miguuni, lakini kifuani bado.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona haya. Mtu mzima anakula chakula chake mbele ya sanamu. Halafu nikaanza kuongea naye."

"Unamwambia nini?"

Mapazia alisikia kiti kikilia, akajua amekaa.

"Kwamba mkataba wameurefusha. Zamani tu. Kwamba nikiingia chumbani hakuna anayeniuliza nimekula. Nilishindwa kukuambia wewe. Nikasema gemu ikitoka nitakuambia humo, ukiwa karibu yangu. Kila walipoahirisha nilijifanya nasikitika, kumbe nashukuru. Nimepata siku nyingine ya kutosema."

"Kwa hiyo mimi nilikuwa nasubiri gemu, kumbe na wewe umeahirishwa."

"Nisamehe."

Mapazia alilia, lakini hakuikata simu. Alifuta uso kwa upindo wa shuka.

"Yule mwanamke alikujibu?"

"Hakujibu."

"Basi habari zako niletee mimi. Mimi ndiye ninayejibu. Hata nikijibu vibaya."

"Nimesikia."

"Umekula?"

Upande wa pili Mapazia akasikia Lifti akilia, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha jirani.

Bosi alimpa Mapazia ruhusa ya kwenda kumwona Lifti, na juu ya ruhusa akampa kipande cha kitambaa cha bluu kilichobaki kwenye kazi ya hoteli, maana alikuwa amesikia kwamba huko kuna dirisha linalofunikwa kwa shuka. Shangazi akamfungia chakula cha safari cha watu wawili. Mashine ilibaki ndani ya boksi.

Chumba cha Lifti kilikuwa kidogo kuliko alivyodhani: kitanda, sufuria, kiti kimoja na meza yenye kompyuta mbili. Walikumbatiana hadi buti zake za kazi zikamkanyaga vidole, wakacheka. Mapazia akatundika mapazia kwanza. Ndipo akaketi kwenye kiti, Lifti akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa.

Simu zao zikalia pamoja. Ilikuwa kampuni ya gemu, ikiomba radhi kwa wenye mashine za kwenye televisheni. Wangoje kidogo tena. Hakuna aliyeufungua ujumbe.

"Nibonyeze wapi?" Mapazia aliuliza, kidole juu ya laptopu kuukuu.

"Bonyeza popote."

Ndani ya kioo, uani, majirani walikuwa wanapita na mikuki yao. Mwanamke wa gauni la kijani akaondoa mkono kwenye kizingiti. Akageuza shingo, akamtazama mtu wa kofia ya manjano, akaenda kusimama karibu naye.

"Habari za kazi?" akasema Mapazia.