Ngazi Saba Chini ya Mjakaranda

Haya nilisimuliwa na Mama Miche, jirani anayeuza miche ya miti, wiki ile mvua ilipokatika.

Fundi cherehani na mkewe wanakaa nyumba yenye ngazi saba za saruji, chini ya mjakaranda. Mke alikuwa na mimba ya miezi minane. Mume hakutaka ainame. Kila asubuhi alifagia mwenyewe maua yaliyoanguka, kisha akaosha ngazi kwa ndoo mbili za maji.

Siku moja mke aliteleza kwenye ngazi hizo, akaanguka kwa makalio. Kule zahanati, mkunga akampima. Alisema mtoto ni mzima, ila mama asianguke tena, na uchungu ungeweza kuanza wakati wowote. Maana yake ngazi zile angezishuka tena kwenda kujifungua.

 Walipofika nyumbani mume alichukua shoka. Mama Miche, aliyekuwa akipita, akasimama mbele ya mti.

“Sogea, mama. Maua haya yataniulia mke.”

“Maua yapi, baba? Si umefagia? Mkeo kateleza pasipo hata ua moja.”

Shoka likabaki hewani.

Mama Miche akainama, akabandua kwa ukucha, kwenye ngazi, mmea mdogo wa kijani, laini kama zulia. Akasema hicho ni kigoga, ndicho chenye utelezi.

“Mjakaranda una mizizi, unanywa maji ya chini. Kigoga hakina mizizi ya kunywea. Kinajishikiza tu, kinanywa kwa majani. Hakitoi ua wala mbegu. Kinaenezwa na chembe kama vumbi. Ukiukata mti, chenyewe kitabaki. Wewe umemkamata aliyevaa nguo ya rangi, ukamwacha mwenye kosa. Hebu niambie, nani anakinywesha kila siku?”

Mume akaziangalia ndoo zake. Akashusha shoka polepole.

“Mimi.”

“Nilimwambia ndoo moja inatosha,” mke akasema dirishani.

Walikwangua kigoga chote kwa koleo na brashi ngumu. Wakapunguza tawi moja, jua lifike. Tangu hapo maua yakafagiwa makavu, bila maji.

Siku ya tano uchungu ukaanza. Mke akashuka, mume akimshika mkono. Ngazi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu, pale alipoanguka. Mguu ukashika. Wakafika chini.

Walirudi kesho yake mchana na mtoto wa kike. Mtoto akalala, mama akalala. Mume akakaa kitini awalinde, kidevu kikashuka kifuani, naye akalala.