Bogenvilia ya Bibi Kristiana

Mwaka ule wa kuhamia vijiji vya ujamaa, rafiki yetu Evaristi, aliyekuwa mgambo, alimlazimisha bibi Kristiana aibomoe nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe. Bibi hakuumaliza mwaka, akazikwa palepale uwanjani, chini ya bogenvilia yake.

Kiangazi Evaristi alirudi kutafuta maua ya kupamba nyumba yake mpya. Aliuchimba mti ule pamoja na udongo wa mizizi, usije ukanyauka, akaupanda chini ya dirisha.

“Baba Polikarp, umeleta mti wa kaburini?” mkewe alimwuliza.

“Mwenyewe hauoni tena. Acha tuutazame sisi.”

Aliumwagilia kila jioni, nao ukachanua kupita kiasi. Jioni moja, mkewe akiwa bado mashineni kusaga unga, Evaristi alisikia udongo ukigugumia maji kama koo la mtu. Akaongeza ndoo nyingine, lakini udongo wa shinani ukabaki mkavu. Ndipo ndani ya nyumba, gizani, yakaanza kudondoka matope, bonge baada ya bonge.

Aliwasha kibatari akaingia. Hapakuwa na mtu. Ukuta wa dirishani ulikuwa umelowa na kulika hadi kiunoni, umejaa mikwaruzo ya vidole, mitano mitano. Akiwa bado anaitazama, mingine mitano ikachimbika taratibu.