Zengo Alisema Tumeunganishwa

“Zengo, hakimu kasemaje?”

Kwandu alisimama barazani pa mahakama ya Bariadi, kanga kaiuma kwa meno. Ndani benchi zilijaa, na barabarani malori ya wanunuzi binafsi wa pamba yalipita yakinguruma. Kwa Kiingereza cha hakimu aliambulia neno moja tu: enjoined.

Zengo, mpima pamba aliyemaliza kidato cha nne, akamshika mikono.

“Join ni kuunganisha. Ametuunganisha, mpenzi! Yule Rachel wa Mwanhuzi aliyeweka pingamizi kashindwa na uongo wake.”

“Kwa hiyo ni kweli wewe si mume wake?”

“Sijawahi kumuoa!”

Kwandu akapiga vigelegele huku machozi yanamtoka.

Kesho yake wakaenda parokiani kupanga siku ya ndoa. Padre Joakim akawatazama kwa huzuni.

“Binti, nani kakwambia mmeruhusiwa?”

“Zengo, Padre. Hakimu katuunganisha. Kasema enjoined.”

“Neno hilo lina pande mbili. Enjoined to, umeamriwa ufanye. Enjoined from, umekatazwa. Rachel kaniletea nakala ya amri. Ninyi ni from. Hamruhusiwi kuoana mpaka kesi isikilizwe.”

Kwandu akamgeukia Zengo.

“Ulijua?”

Zengo akainamia viatu vyake.

“Zengo, nakuuliza! Ulijua?”

“Nilijua.”

“Na Rachel?”

“Nilimtolea ng’ombe kwao. Tuna mtoto.” Akapiga magoti. “Kwandu, ningekwambia ungeniacha. Nilitaka tufunge ndoa kwanza. Bila wewe nitakufa!”

“Mama yangu kashawaalika ndugu mpaka Nyalikungu! Nitawaambia nini?”

“Sema unanipenda. Twende Mwanza, tuanze upya.”

“Nakupenda,” Kwandu akasema, sauti ikikatika. “Ndiyo maana naumia hivi. Inuka, usinishike.”

Siku ya kesi, Zengo aliapa mbele ya hakimu kwamba hamjui Rachel. Rachel, mtoto mgongoni, akainamisha kichwa. Hakuwa na shahidi. Wazee wake walibaki Mwanhuzi.

Ndipo Kwandu akasimama nyuma kabisa.

“Mheshimiwa, anamjua. Alikiri mbele yangu na Padre.”

“Kwandu!” Zengo akalia. “Unaniua!”

Kwandu alieleza yote, na Padre, aliyekuja naye, akathibitisha. Hakimu akatamka kwa Kiswahili safari hii: Rachel ni mke halali, na ndoa ya Zengo na Kwandu imekatazwa.

Nje, Rachel akamfuata Kwandu.

“Asante, dada.”

“Usinishukuru,” Kwandu akasema. “Bado nampenda.”

Akaketi chini kwenye vumbi, akalia. Rachel akamfungua mtoto mgongoni, akaketi pembeni yake.