Mawe ya Chumba cha Dada

Majirani zangu, ninyi mnaojenga na ninyi mnaopanga, kaeni kidogo niwaeleze yaliyotokea kati ya ndugu wa damu, kaka mdogo na dada yake. Sitawataja majina, maana mmoja wao bado anaishi na anapita barabara hizihizi tunazopita.

Jumapili moja asubuhi, fundi cherehani aliyejulikana mtaani kwake kama Mama Sindano alikuwa amekaa katika chumba chake cha kushonea, mguu kwenye pedali, mashati meupe ya shule yakiwa yamemjaa magotini. Kilikuwa chumba cha nyuma, kimetulia. Kuta zake zilikuwa za mawe ya kijivu yenye vichembe vinavyometameta, na kila mgeni aliyeingia aliyasifu. Dirisha lilikuwa moja tu, nalo lilifungwa mwaka mzima, kwa kuwa vumbi la barabarani na vitambaa vyeupe haviivi chungu kimoja.

Mdogo wake wa kiume alikuwa kwenye kigoda akimenya chungwa. Alikuwa mpimaji wa miamba katika maabara, kazi ambayo dada mtu hakuielewa sawasawa hata baada ya miaka ishirini, ila aliitangaza kila kona.

"Wateja wangu nimewaambia ofisini kwenu mna chumba cha risasi," alisema. "Siku hizi hawanisumbui na nguo zao."

"Ni madini ya risasi, Dada, siyo risasi za bunduki! Yanazuia mionzi ya nje isituharibie vipimo."

"Hayo ya madini sijawaambia."

Wakacheka. Katikati ya kicheko dada akakohoa, na kikohozi kikakataa kukatika. Akajiziba mdomo kwa kipande cha kitambaa. Alipokiondoa, kilikuwa na doa jekundu.

"Ni nyuzi tu zimeniingia kooni," alisema, akakikunja haraka.

Chungwa lilimgandia mpimaji mdomoni. Aliinuka akafungua dirisha, kama alivyofanya kila alipokuja.

"Wewe na dirisha langu mna ugomvi gani?"

"Joto, Dada."

Ndugu zangu, halikuwa joto.

Turudi nyuma kidogo. Wazazi wao walipofariki, dada aliacha shule akamlea mdogo wake kwa cherehani, hadi akasoma akawa mtu. Alipokuja kujenga nyumba, mdogo mtu ndiye aliyemchagulia mawe, kutoka machimbo ya kilimani. "Chukua haya, Dada," alimwambia. "Mimi ndiye ninayejua mawe."

Mwaka mmoja baada ya nyumba kukamilika, maabara ililetewa mawe ya machimbo mbalimbali ili yapimwe mionzi yake ya asili. Kazi hiyo haina pupa. Jiwe husagwa, hukaushwa, unga wake hutiwa kwenye kopo linalofungwa lisipitishe hewa, kisha husubiriwa karibu mwezi mzima ndipo kopo liwekwe kwenye mashine, ndani ya kuta nene za risasi. Makopo mengi yalitoa tarakimu za kawaida. La kilimani lilitoa tarakimu iliyopita mara kadhaa kiwango kinachoshauriwa kwa mawe ya nyumba.

Alipima kopo la pili. Tarakimu ileile.

Alijua maana yake kuliko mtu yeyote. Mawe ya aina ile hutoa gesi iitwayo radoni, isiyo na rangi wala harufu. Mahali pa wazi hupeperuka ikaisha. Ndani ya chumba kilichofungwa hujikusanya, na mtu akiivuta kwa miaka mingi, hatari ya saratani ya mapafu huongezeka. Nyumba ya dada ilisimama juu ya mwamba uleule, sakafu ya chumba cha nyuma ilikuwa na nyufa, na dada alishinda humo kuanzia asubuhi hadi jioni.

Alishika kalamu aandike taarifa. Akakumbuka: mimi ndiye niliyeyachagua. Akaandika kwenye kopo neno moja, "Rudia", akalipandisha rafu ya juu kabisa. Mkuu wa maabara alipouliza, alijibu kwamba kipimo bado hakijatulia. Alisema uongo.

Alijiambia atamweleza dada wiki ijayo. Wiki ijayo dada alikuwa anamwoza binti yake. Nani aharibu harusi? Kisha kazi zikabana. Kisha ikaja aibu nyingine, kubwa kuliko ya kwanza, kwani kila mwezi uliopita ulileta swali gumu zaidi: mbona hukusema mwezi uliopita? Ikapita miaka tisa hivyohivyo, naye akiwa mtu wa kufungua dirisha na kusingizia joto.

Baada ya kikohozi kile cha Jumapili, mpimaji na binti walimpeleka dada hospitalini. Picha ilionyesha uvimbe kwenye pafu la kulia. Ilikuwa saratani. Daktari aliuliza kama mgonjwa anavuta sigara.

"Mimi? Hata moshi wa jirani huwa naukimbia," dada alijibu.

"Wakati mwingine chanzo hatukijui," daktari alisema kwa upole.

Mpimaji alikuwa amekaa kando ya binti wa dada yake. "Daktari," alisema, "mimi kuna kitu nakijua."

Akasema yote: kopo, tarakimu, rafu, miaka tisa.

Daktari alimsikiliza hadi mwisho. "Gesi hiyo huongeza hatari, ni kweli. Lakini hakuna atakayeweza kukuthibitishia kwamba ugonjwa huu, kwa mama huyu, umetoka kwenye ukuta ule."

Mnadhani maneno hayo yalimpunguzia mzigo? Yalimwongezea. Angehukumiwa, angejua adhabu yake inaishia wapi. Sasa alibaki kujihukumu mwenyewe, kila siku upya.

Dada alikuwa akitazama vidole vyake, ncha zake ngumu kwa kuchomwa na sindano. "Kwa hiyo ulipokuwa unafungua dirisha langu, ulikuwa unajua."

"Nilijua, Dada."

"Ukaniambia ni joto."

"Nilikudanganya."

"Mjomba, toka nje," binti alisema. Hakupandisha sauti.

Alitoka, akakaa kwenye benchi la kibarazani akiwa ameinamisha kichwa. Baada ya muda aliitwa ndani. Alitarajia machozi au matusi. Dada akamuuliza, "Nyumba nyingine zenye mawe yale ni ngapi?"

"Sijawahi kuhesabu."

"Nenda kahesabu. Anza na ile shule ya chekechea ninayoishonea sare. Na usije kuniomba msamaha kabla hujamaliza. Sitaki kukusamehe nusunusu."

Kesho yake alimkabidhi mkuu wa maabara taarifa ya vipimo, pamoja na maelezo ya jinsi alivyoificha. Alivuliwa cheo. Kisha akasimama kwenye mkutano wa mtaa akarudia hayohayo mbele ya watu. Mwenye machimbo alimwita mzushi. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimuuliza, "Sasa tuhame leo?"

"Hapana, mama. Tunapima kwanza."

Alipita nyumba kwa nyumba akiweka vikopo vidogo vya plastiki vya kunasa alama za gesi ile, vikakaa miezi mitatu. Wapo waliomfungulia, wapo waliomtukania mlangoni. Nyumba kumi na tisa zilipimwa; saba zilikuwa na gesi kupita kiasi. Pabaya kuliko pote palikuwa chumba cha kulalia watoto pale chekechea. Mafundi wakaziba nyufa za sakafu, wakaongeza madirisha, wakapitisha bomba la kuvuta hewa ya chini ya sakafu hadi juu ya paa. Walipopima tena, gesi ilikuwa imeshuka.

Alimpelekea dada karatasi ya matokeo. Dada alikuwa amekonda, akiishi kwa binti yake, kitandani muda mwingi.

"Na watoto?"

"Chumba chao sasa ni salama."

"Vizuri."

Mpimaji akapiga magoti. "Dada, naomba unisamehe."

"Nimekusamehe, mdogo wangu. Ila ile miaka tisa mimi siwezi kukupunguzia. Utaibeba."

Dada alifariki wiki mbili baadaye. Mpaka leo binti yake humwamkia mjomba kwa heshima zote wakikutana, kisha hupita. Hajawahi tena kumkaribisha ndani. Naye mjomba hakulalamika hata siku moja.

FUNZO

Karibu kila mwamba una mionzi kidogo ya asili, na mawe mengi hayana neno. Msiende nyumbani mkabomoa kuta. Panapo shaka, itisheni wapimaji, zibeni nyufa za sakafu, ruhusuni hewa ipite vyumbani. Gesi ile haionekani, lakini hupimika na hupunguzika.

Kilichoiharibu nyumba hii ni mtu aliyejua akanyamaza ili asionekane mkosaji. Ukijua jambo linaloweza kumdhuru mwenzako, mwambie siku ileile, hata kama kosa ni lako. Hasa kama kosa ni lako.