Amri ya Kughushi na Meseji ya Zephania

"Mfalme alifia safarini," Zephania alisema, "na wachache waliojua wakakificha kifo chake."

Maktaba ya Granville, huko ughaibuni, ilijaa Jumamosi ile mchana. Kokushubila alikaa safu ya nyuma, mkono juu ya kiti cha magurudumu cha Bi Liang, bibi wa miaka themanini na minne ambaye Koku aliajiriwa kumtunza. Bi Liang ndiye aliyeng'ang'ania waje kusikiliza habari za wafalme wa kwao, Uchina. Koku aliliona jina la msemaji ukutani wakiwa wameshaingia.

Miezi saba hajamtia machoni. Huyu ndiye mwanamume aliyekuwa amuoe.

"Towashi Zhao Gao ndiye aliyeshika muhuri," Zephania aliendelea. "Akamvuta waziri mkuu, wakaandika amri ya uongo, wakaituma mpakani kwa Fusu, mtoto mkubwa wa mfalme: baba yako anaamuru ujiue. Jenerali aliyekuwa naye akamsihi, 'Mjumbe mmoja tu, nawe unataka kufa? Uliza kwanza!' Fusu akasema, 'Baba akiamuru mwana afe, mwana ana la kuuliza?' Akajiua. Mdogo wake akakalia kiti, na haikupita miaka mingi dola nzima ikaanguka."

"Mjinga," Bi Liang alinong'ona. "Tangu utotoni nasema, mjinga yule."

Koku akahisi uso unapata moto.

Watu walipoanza kutoka, Zephania akamwona. Karatasi zilibaki zinaning'inia mkononi.

"Koku."

"Habari za siku nyingi."

"Nzuri tu. Za kwako?"

"Nina swali, Zephania. Si la wafalme."

"Uliza."

Koku akafungua simu yake. Ile meseji hakuwahi kuifuta.

*Koku nimefikiria sana. Sikupendi tena. Usinipigie wala usije Penrith. Niache nisome.*

Zephania aliisoma mara mbili.

"Hii sijaandika mimi."

"Imetoka kwenye namba yako."

"Naona. Lakini angalia tarehe. Siku ile nilikuwa mbele ya maprofesa wangu tangu asubuhi. Simu niliisahau nyumbani kwenye chaji." Akamrudishia simu. "Kwa nini hukunipigia, Koku?"

"Uliniambia nisikupigie!"

"Nilikupigia wiki nzima. Ulishanibloku."

"Kwangu unapajua. Mbona hukuja?"

Zephania akainamisha kichwa. "Dada aliniambia amekuona Parramatta na mwanamume, mmeshikana mikono."

"Mwanamume gani? Uliniuliza mimi?"

"Sikukuuliza."

Wote wawili wakaitazama tena ile meseji. Kule Penrith Zephania alikuwa akiishi na mtu mmoja tu: dada yake Elieshi, aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

"Mpigie," Koku alisema. "Nisikie mwenyewe."

Akapiga, akaweka spika.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, baba. Umeshamaliza? Nimepika makande, uwahi treni."

"Dada, niko na Koku. Amenionyesha meseji."

Zephania akaangalia kama simu imekatika.

"Dada?"

"Nipo." Sauti ilikuwa ndogo. "Ni mimi, Zeph. Hata ule uongo wa Parramatta ni wangu. Mngeoana mngehamia huko mjini. Nimekulea tangu una miaka sita, ningebaki na nani kwenye nyumba hii? Nilidhani utaumia wiki mbili, utasahau. Halafu nikakuona huli. Kila siku nasema, kesho nitamwambia."

Koku akaisogelea simu. "Shikamoo dada Elieshi."

"Marahaba, Koku. Sina uso wa kuongea na wewe."

"Mimi nilikuwa naomba zamu za ziada kazini ili nisirudi chumbani kulia. Hilo ulijue."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Leo siwezi kulisema hilo. Nikilisema nitakuwa nimekudanganya."

Simu ilipokatwa, Zephania hakujua mikono yake aiweke wapi.

"Siwezi kumfukuza dada yangu, Koku."

"Nani amekuambia umfukuze? Kaa naye. Lakini siku nyingine ukiambiwa neno juu yangu, njoo uniulize mimi. Na mimi nitakuja kwako. Twende, bibi anasikia baridi."

"Naweza kukusukumia kiti?"

Koku alifikiri kidogo, kisha akampisha.

Wiki tatu baadaye Elieshi alipanda treni peke yake, akabisha hodi kwa Koku. Alianza kupiga magoti mlangoni, Koku akamshika mabega kabla magoti hayajagusa chini. Walizungumza hadi chai ikapoa, wakachemsha nyingine.

Desemba, kwenye sebule ya Penrith, wote watatu wakapiga simu ya video Bukoba kupeleka posa. Ukoo mzima wa Koku ulijipanga kwenye kioo, baba yake katikati, hacheki.

"Kijana," mzee alisema, "mwanangu alinipigia analia kwamba ameachwa kwa meseji. Siyo wewe huyo?"

Zephania akafungua mdomo. Alikuwa ameshaamua kulibeba mwenyewe.

"Baba, ndiyo, ni mi…"

"Siyo yeye, baba," Elieshi alidakia, akasogea mbele ya simu. "Shikamoo. Mimi ni dada yake. Niliiandika mimi, kwa simu yake, kwa hofu ya kubaki peke yangu. Yeye hakujua. Kama kuna wa kukataliwa leo, nikataliwe mimi."

Kule Bukoba wakatazamana. Shangazi mmoja akajifuta shavu kwa kanga.

"Umewahi kumwomba mwanangu msamaha?" mzee aliuliza.

Koku ndiye aliyejibu. "Aliomba, baba. Na nimempa."

"Basi mpisheni akae," mzee alisema. "Siwezi kupokea posa dada wa mwenye posa amesimama."

Koku akasogea upande mmoja wa kochi. Elieshi akaketi kati yao, akilia, na shangazi kule Bukoba akapiga kigelegele cha kwanza.