Edina na Zoezi la Picha la Kila Wiki

Msimu wa kahawa ulikuwa umefika kijijini Itaka. Ukungu ulikuwa bado shambani, lakini Mama Tulinagwe alishaamka. Alikuwa kwenye kichanja, anageuza kahawa na kutoa punje mbovu.

Binti yake, Edina, alimtazama kutoka mlango wa jikoni. Akamkumbuka baba yake, Mzee Osea. Zamani wazee hawa walisimama pale pamoja, mmoja upande huu, mwingine upande ule, wakitaniana mpaka jua linazama. Sasa upande mmoja ulikuwa mtupu.

Mzee Osea alipofariki, ndugu walitafuta picha ya kuweka juu ya jeneza. Ilipatikana moja tu, ya kitambulisho. Wakaikuza. Macho yalimtoka kama mtu aliyeona nyoka. Na yule mzee alikuwa mcheshi kuliko kijiji kizima! Jambo hilo lilimuuma sana Edina. Mama naye umri umekwenda. Je, wajukuu watamjua vipi?

"Mama, njoo nikupige picha."

"Subiri nikabadilishe nguo!"

Ndivyo tulivyo. Tukisikia picha, tunakimbilia gauni la kanisani. Kisha tunasimama wima na kubana pumzi, kama tunaimba wimbo wa taifa. Mama alisimama hivyo hivyo, jua likiwa nyuma yake. Uso ukatoka mweusi.

Edina alimwonyesha picha hiyo Hezron, jirani yao. Hezron ana studio ya picha Tunduma, mji wa mpakani, na hurudi nyumbani kila Jumamosi.

"Tatizo simu yangu ya bei ndogo," Edina alisema.

Hezron alifuta kioo cha kamera kwa shati lake. "Simu haina neno, dada. Kioo kimejaa mafuta ya kupikia." Akacheka. "Usijifunze yote kwa mkupuo. Kila wiki shika jambo moja, nikija tunatazama pamoja. Wiki hii ni mwanga. Mtu asiligeuzie jua mgongo. Mweke karibu na mlango, uso uelekee kwenye mwanga."

Edina alipiga picha kila kitu mlangoni: ndizi, sufuria, hata kuku. Majirani wakamtania, "Kuku naye anatafuta kitambulisho?"

Jumamosi Hezron alitazama picha zile. "Mwanga umeupata. Lakini kuku yuko mbali, kama ameshavuka mpaka kwenda Zambia! Wiki hii, sogea. Usivute picha kwa vidole, inaharibika. Tembea. Na kabla ya kupiga, gusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu, ndipo utoke safi."

Zoezi lililofuata lilikuwa gumu zaidi. "Mpige mtu picha akiwa kazini," Hezron alisema. "Mwombe kwanza. Akikubali, piga naye maongezi. Usimwambie asimame. Piga nyingi, utachagua baadaye."

Mama alikataa. "Na kanga hii ya shambani? Watu watasema mwanangu hanitunzi."

Machozi yalimlenga Edina. "Mama, sina picha hata moja ya baba akiwa hapa kichanjani. Nimeanza kusahau alivyocheka."

Mikono ya Mama ikasimama juu ya kahawa. "Haya," alisema. "Piga basi."

Edina akasogea karibu. Mwanga wa asubuhi ulikuwa usoni pa mama. "Hivi, baba alikuchumbia vipi?"

"Yule! Alikuja kuomba maji. Akanywa, akaomba tena, akaomba tena. Mama yangu akamuuliza, 'Wewe kijana, umefuata binti au umekuja kumaliza mtungi?'" Mama alicheka mpaka akashika kichanja asianguke. Edina akapiga, akapiga tena.

Hezron alizisifu picha zile, akaondoka na moja kwenda kuichapa studioni Tunduma. Kina mama wa kwaya ya kanisa walipoziona kwenye simu, nao wakaanza zoezi la kila wiki. Sasa wanapigana picha wakipalilia, wakipika, wakiimba. Wanaokimbilia gauni la kanisani wamepungua.

Jumamosi iliyofuata Hezron alileta ile picha ya Mama akicheka, kwenye karatasi kubwa. Mama Tulinagwe aliishika kwa mikono miwili. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Huyu mama yangu mmempata wapi?" aliuliza. "Hakuwahi kupigwa picha maisha yake yote."

"Ni wewe, Mama," Edina alisema.

Mama alipitisha kidole juu ya mikunjo ya uso ule.

"Mama yangu alicheka hivi hivi," alisema, akaanza kulia.